Vichupa vya Zakia

Mvua ya kwanza ya Novemba ilikatika saa nne asubuhi. Zakia akatoka nyuma ya nyumba yao pale Geita, vichupa vya maabara mfukoni. Kazi yake ilikuwa kupima malaria katika zahanati ya mtu binafsi, lakini tangu chuoni alipenda kitu kimoja kilichofanya watu wamcheke: kuokota malkia wa sisimizi. Mvua ikinyesha hutoka na mbawa, huruka na kukutana na madume, kisha hushuka, hukata mbawa na kuanza kuchimba. Hapo ndipo alipowadaka. Kila mmoja kichupa chake, maji kidogo na pamba, halafu kabatini mpaka atage.

Alikuwa amechuchumaa kando ya ukuta wakati Samia, dada wa mumewe Hamza, alipofika na bahasha.

"Wifi, inuka kidogo."

"Sema tu, nakusikia."

"Hamza kanituma. Kasema nikupe mkononi."

Zakia alifuta matope kwenye kanga, akafungua. Talaka moja. Mistari minne ya mwandiko wa Hamza na majina ya mashahidi wawili. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Nishikie hiki," alisema, akimpa Samia kichupa. "Usikitikise."

Samia alikishika huku machozi yakimtoka. Zakia alipiga magoti, akamwongoza malkia mmoja mweusi kwa kijiti mpaka akaingia, akaziba kwa pamba.

"Hulii, wifi?"

"Sijui. Naona hakuna kinachokuja."

Samia akasema Hamza anataka Zakia akaikalie eda kwa mama yake. Yeye alishamwambia kaka yake kwamba si haki, hakusikia. Zakia hakubishana. Wiki ile aliaga zahanatini, akapanda basi la Shinyanga na vichupa kumi na kimoja ndani ya kapu.

Mama yake, Bi Chausiku, alimpokea mlangoni kwake, mtaa wa Ngokolo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Vitu vyako viko wapi?"

"Ndiyo hivi."

Mama alifunua kapu, akalifunika tena.

Siku zikaenda. Zakia aliamka, aliswali, alifua, alikaa. Akiitwa aliitika. Majirani walipompa pole alisema ahsante, akasahau nani alikuja.

Jioni moja mama aliketi kando yake, akachungulia kichupa.

"Huyu unamlisha nini?"

"Halishwi kwanza. Anaila nyama ya mwili wake mwenyewe, ile iliyokuwa inarusha mbawa, ndani kwa ndani, mpaka watoto watoke."

"Na wewe umekula leo?"

Zakia alifikiri. Hakukumbuka.

Wiki ya saba Hamza alipiga simu. Mama aliacha kupeta mchele. Zakia alisikiliza, akasema, "Droo ya pili, chini ya vijiko," akakata.

"Kasemaje? Anakurejea?"

"Anatafuta spana ya mtungi wa gesi."

Bi Chausiku alisonya, akarudia ungo wake.

Eda ilipokwisha alikwenda kuomba kazi kwenye zahanati moja mjini. Karani alijaza fomu: jina, umri, chuo.

"Hali ya ndoa?"

"Andika nimeachika."

Hakuwa amelitamka neno hilo bado, hata kwa mama. Sauti ilitoka ya kawaida tu. Karani aliandika, akamuuliza namba ya simu.