Sauti ya Msemaji wa Sita

Ukitaka kuwajua watu wanaosomea lugha, nenda kwenye kongamano lao wakati wa chai. Kila mmoja ana kitambulisho shingoni, kikombe mkononi na masikio yaliyosimama. Ukiwasalimu hawaitikii mara moja. Wanakusikiliza kwanza wajue umetokea upande gani. Miongoni mwao alikuwepo mhadhiri mmoja, mwanamke wa makamo, ambaye wenzake walimpachika jina la Mama Irabu kwa kuwa alimaliza ujana wake wote akipima jinsi watu wanavyotamka a na e.

Mwaka ule Mama Irabu hakwenda kongamano kusoma makala. Alikwenda kumsikia mama yake.

Mama yake alikuwa fundi cherehani kwenye mtaa wa mafundi, mtaa uliojaa wahamiaji. Kila mtu alikuja na lugha yake, wakakaa, wakauziana, wakagombana, wakaoana, mwisho wakawa wanasema kitu kimoja kilichochanganyika ambacho nje ya mtaa ule hukisikii. Siku moja akafika kijana wa chuo na kinasa sauti chake, akawa anazunguka kibanda hadi kibanda. Mama Irabu alikuwa bado mtoto wa shule ya msingi, lakini hakusahau kile kinasa sauti kilivyowekwa mezani, kati ya mkasi na pasi. Haukupita muda mrefu mama akaugua, akafariki, akamwachia binti yake mdogo wa kiume, bado mchanga, wa kulea pamoja na shangazi.

Picha zilibaki. Sauti haikubaki. Kadiri miaka ilivyokwenda ikawa inamtoka kichwani, kwanza kicheko, halafu maneno, mwishowe yote, na binti akajikuta anasomea sauti za mama wa watu wengine. Wenzake walisema ana bidii. Bidii gani! Ilikuwa njaa tu.

Basi alipoona kwenye ratiba kwamba profesa mmoja mstaafu atazungumzia lugha ya mtaa wa mafundi, akajua ndiye yule kijana. Akampigia simu mdogo wake, ambaye siku hizi ni fundi wa magari.

"Unasema kweli, dada?"

"Alimrekodi mama, nakwambia. Nilikuwepo."

"Mimi hata kukohoa kwake sijui. Ukimsikia tu, nipigie palepale. Hata kama niko chini ya gari, nitapokea."

Siku ya siku ikafika. Mama Irabu alikaa mstari wa mbele, simu mapajani. Projekta ikagoma, kama kawaida yake. Akaitwa mtu wa mitambo, akachomoa waya, akachomeka waya uleule, ikawaka. Profesa akapanda jukwaani: mzee mwembamba, sauti ya chinichini, mwenye kuangalia zaidi karatasi zake kuliko watu. Akaeleza kwamba wasemaji wake hawatajwi kwa majina, wana nambari tu, kama ilivyo desturi ya kazi hiyo. Kisha akaanza kuwasikilizisha watu sauti.

Lakini sauti zenyewe! Vilikuwa vipande vya maneno, vimekatwakatwa mpaka imebaki silabi. "Ta," akasema mwanamke mmoja spikani. "Da," akasema mwingine. Mzee alihitaji irabu tu, na irabu ndiyo aliyoibakiza. Kwenye ukuta vikatokea vidoa vya rangi, kila kidoa irabu moja, watu wakatikisa vichwa, wengine wakaandika. Mama Irabu alifumba macho na kukaza masikio yake yote. Mmoja wa wanawake wale alikuwa mama yake mzazi, na hakuweza kumtambua. Alitaka kulia kwa sauti mbele ya wasomi wote wale, akajizuia.

Muda wa maswali ulimezwa wote na bwana mmoja ambaye alisimama kusema kwamba yeye hana swali, ana maoni tu.

Alimkuta mzee ukumbi wa nje, karibu na meza ya chai, amesimama peke yake.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, binti yangu."

"Mama yangu alikuwa fundi cherehani pale mtaani. Kibanda cha kona."

Mzee alimtazama usoni, akamtazama tena. Kumtaja msemaji ni mwiko, na ilionekana anapigana na mwiko huo. Mwisho akashindwa. "Cherehani ya miguu," akasema. "Msemaji wa Sita."

"Nimekuja kuomba kanda yake. Nzima. Nisikilize mara moja tu."

Mzee akaweka kikombe chini. "Hazipo, mwanangu. Tuliwaahidi kwamba kazi ikiisha kanda zitafutwa. Nilizifuta kwa mkono wangu mwenyewe. Vile vipande ndivyo vilivyobaki."

Mama Irabu alikosa hata wa kumkasirikia. Kanuni hiyo anawafundisha wanafunzi wake kila mwaka, na anayeivunja anamfelisha. Aliushika ukingo wa meza. Alimfikiria mdogo wake chini ya gari, simu mfukoni, anasubiri, na moyo ukamuuma hasa.

"Na hata hizo kanda," mzee aliendelea, kwa aibu, "nilizisafisha mapema. Niliondoa kelele zote. Wapita njia, cherehani, na yeye mwenyewe alipokuwa akiniacha na swali langu hewani ili akuite wewe."

"Aniite mimi?"

"Kila ulipotoka shule! Nilikuwa nakasirika, naona ananiharibia kazi. Ilibidi nisikilize na kurudia, nisikilize na kurudia, nijue pa kukata. Mpaka nikakariri."

"Alikuwa anasemaje?"

Mzee akaangalia huku na huku. Kisha yule mtu wa sauti ya chinichini akainua kidevu na kupaza sauti ukumbi mzima:

"Inua miguu, mamaa! Kisigino hakioti!"

Watu waligeuka, vikombe mikononi. Sauti ilipanda juu kwenye "mamaa", ikakaa huko ikimsubiri mtu, halafu ikashuka taratibu na kicheko ndani yake. Haikuwa sauti ya mzee yule. Na Mama Irabu, mwanamke mzima mwenye shahada zake, alijikuta ameinua mguu mmoja kutoka sakafuni. Zamani alikuwa mtoto wa kuburuta viatu mpaka visigino vinaisha.

Akapiga simu.

"Dada? Vipi, umempata?" Nyuma yake ilisikika spana ikigonga chuma.

"Sikiliza." Akamnyooshea mzee simu. "Sema tena, Profesa. Tafadhali."

Mzee akasema tena, vilevile, kwa kituo kilekile.

Mdogo wake akaangua kicheko. "Dada, huyo mzee anayekuigiza amekujulia wapi?"

"Ananiigiza mimi?"

"Si ndivyo ulivyokuwa ukiniita nikitoka shule? Na wanangu ndivyo unavyowaita mpaka leo, wanakucheka! Ila wewe unasema baba, yeye kasema mama."

Mama Irabu alikuwa amekaa na vinasa sauti mbele ya wavuvi, makuli, wauguzi na watoto wa shule. Mbele ya kinywa chake mwenyewe hakuwahi kukiweka hata kimoja.

Kule upande wa pili spana iliwekwa chini. Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Dada. Ina maana yeye ndivyo alivyokuwa?"

"Ndivyo alivyokuwa."

"Kumbe nilikuwa namsikia siku zote." Akavuta pumzi. "Basi niite."

Aliwageuzia mgongo watu wote, akaelekea ukutani, akafungua kinywa. "Inua miguu, babaa," akasema, na sauti ikakatika kabla hajafika kwenye kisigino.

"Nimesikia, mama," akaitikia mdogo wake.