Ukuta wa Nne wa Daktari wa Meno

Wateja walimwita Fundi Rula, kwa kuwa mistari yake ilinyooka kuliko rula yenyewe. Miaka ishirini na minane alipaka rangi nyumba za watu bila tone kudondoka pasipotakiwa. Maneno nayo aliyabana vivyo hivyo.

Ndiyo maana mkewe alimnunia. Binti yao wa pekee aliolewa akahamia mbali, na siku ya kumuaga, baba mtu alichosema ni kwamba mlango wa gari lao umechubuka rangi. Wiki nzima mkewe akawa anamwambia ana moyo wa jiwe. Asubuhi ile walizozana tena, naye akatoka bila chakula chake cha mchana.

Kazi ilikuwa chumba cha kungojea cha daktari wa meno: kuta nne, zote za kupakwa nyeupe. Alipomaliza tatu, akafungua makopo ya mabaki ya rangi aone yapi yamekauka. Akajaribu buluu kidogo kwenye ukuta wa nne. Si ataufunika tu? Buluu ikaita kijivu, kijivu kikaita nyekundu. Mkono ukaenda ulikotaka, mara unasugua, mara unarusha. Kilichotokea hakikuwa nyumba, ua wala mtu. Juu kabisa, pembeni, akaweka njano kidogo, kisha akakaa juu ya ndoo.

Mkewe alimkuta hapohapo. Alimletea chakula, maana hasira ni hasira na njaa ni njaa. Alinuia kukitua na kuondoka bila salamu. Badala yake akasimama, mkoba begani, akautazama ukuta toka chini mpaka juu kama anayesoma barua.

"Hii njano ni mtoto," akasema.

Fundi akaitikia kwa kichwa.

"Na hili balaa lote huku chini ni wewe."

"Ni mimi, mama."

Mkewe akauliza mbona yeye hayumo, kwani hakuzaa? Fundi akampa brashi. Akakunja mikono ya gauni, akachovya zambarau, akavuta michirizi miwili minene katikati. Akaongeza wa tatu, akisema ni wa mama mkwe wa binti, asije akajiona kasahaulika.

Daktari aliwakuta wanakula sakafuni, zambarau hadi masikioni. Fundi akaomba radhi, akanyakua rola ya rangi nyeupe. Daktari akamzuia. Aliutazama ukuta kwa muda, kajishika shavu, akasema ungoje mpaka Jumatatu.

Jumatatu mgonjwa wa kwanza, shavu limevimba kama puto, aliulizwa maumivu yakoje. Kuongea hakuweza, akanyoosha kidole kwenye ile nyekundu. Ukuta ukabaki.

Fundi anaendelea kunyoosha mistari ya watu. Ila jikoni kwake kuna ukuta mmoja ambao yeye na mkewe wakikosana, mmoja wao huuendea na brashi. Binti alipokuja kuwatembelea, aliutazama, akauliza nani kamuudhi mwenzake. Wazazi wakanyoosheana vidole.