Ufunguo wa Choo

Ploti ya Mama Kiarie pale Kawangware ilikuwa na vyumba kumi na viwili, choo kimoja na ufunguo mmoja. Ufunguo ulifungwa kwenye kipande cha mbao kirefu kama mwiko, ukaning'inizwa sebuleni kwa Mama Kiarie mwenyewe. Ukibanwa, unabisha hodi na kuomba.

Trizah, mmoja wa wapangaji, aliacha kunywa maji. Mimba ilikuwa ya miezi minane, mtoto amemkalia kibofu, na siku moja alipobisha mara ya sita, Mama Kiarie aliuliza mbele ya wapangaji, "Wewe tena? Ulikuja kupanga nyumba ama choo?" Watu walicheka. Trizah alicheka nao, kisha akabaki na nusu kikombe cha chai kwa siku. Midomo ilipasuka, haja kubwa ikawa ngumu. Miguu ilivimba vilevile.

"Si utumie kopo kama watu wengine?" dada yake Adhis alimwambia kwa simu kutoka Kibera.

"Nichuchumae na tumbo hili? Nani ataniinua?"

Jumanne tumbo likaanza kukaza na kuachia, kukaza na kuachia. Zahanatini nesi alimtundikia maji ya mshipa hadi likatulia.

"Mbona umekauka hivi?"

"Ufunguo wa choo uko kwa landlady."

Nesi hakucheka. "Kunywa maji, na ukibanwa uende, usishikilie. Tumbo likianza kukaza tena, huyo mtoto anaweza kuja kabla ya siku zake."

Jumatano asubuhi Trizah alibeba kigoda na jagi, akakaa mlangoni kwa Mama Kiarie.

"Unafanya nini hapo?"

"Nakunywa maji."

"Kwako hakuna pa kukaa?"

"Kuko. Lakini nikitoka kule hadi hapa nitakuwa nimejimwagia. Nisaidie ufunguo."

Hadi saa sita alikuwa ameuomba mara saba. Kila mara Mama Kiarie aliinuka, akautoa, akarudi kwenye kiti chake.

Saa nane wakafika akina mama wa kanisa, wamevaa sare, ikawabidi kuinua sketi ili wapite kando ya tumbo la Trizah.

"Wangoi, huyu amekukosea nini ukamweka nje?" mmoja alimuuliza Mama Kiarie.

"Nani amemweka? Amejiweka!"

"Nangoja ufunguo wa choo, mama," Trizah alisema kwa adabu, akimimina kikombe kingine.

Akina mama wakatazamana. Mama Kiarie akautoa ufunguo ukutani, akamtupia mapajani.

"Kaa nao! Kaa nao kabisa! Na hawa wengine wote waje wakubishie wewe, uone vile mimi huona."

Trizah akarudi nao chumbani kwake, na wapangaji wakaja. Kufikia saa kumi watano walikuwa wamebisha, na kila mara alilazimika kujizoazoa kitandani. Aliupeleka ufunguo nje, akautundika kwenye kitasa cha mlango wake.

"Jichukulieni, mrudishe," aliwaambia.

Kisha akalala kwa ubavu wa kushoto, miguu juu ya mto, kiganja tumboni, akingoja likaze. Alingoja muda mrefu. Mtoto aligeuka, akapiga teke, akatulia. Tumbo lilibaki laini.

Trizah akanyoosha mkono kwenye jagi.