Binti Vifungo

Kitu cha kwanza nilichokiona nilipozinduka ni bandeji mguuni. Mkono nilijua utakuwa umefungwa, maana ndio uliokatwa. Lakini mguu wangu wa kulia niliingia nao chumba cha upasuaji ukiwa mzima kabisa.

Niligeuka kumtazama dada. Alikuwa kitanda cha pili, mkono wake umefungwa kama wangu, miguu yake imetoka nje ya shuka, haina kitu.

"Dada, mguu wangu umefanywa nini?"

"Lala kwanza, mdogo wangu. Usijichoshe."

Tuliumia pamoja, mimi na yeye. Tulikuwa tunahamisha kabati la kioo kwenye chumba chetu cha ushonaji, yeye mbele mimi nyuma, kioo kikachomoka kikatukata wote wawili juu ya kiganja. Damu ilikoma, lakini baadhi ya vidole vyetu vilibaki kama vya mtu mwingine. Ukivichoma sindano, havina habari. Na fundi asiyehisi kitambaa ni sawa na mpishi asiye na ulimi.

Daktari wetu alikuwa mwanamke mtu mzima, mwenye kusema taratibu huku akichora kwa kidole juu ya shuka. Alitueleza kwamba mshipa wa fahamu umekatika na katikati pamebaki pengo. Kuna mrija mwembamba, alisema, umetengenezwa maabara kwa hariri. Ncha moja ya mshipa inaingia huku, nyingine kule, na mshipa unaota ndani yake kama mmea unaofuata kijiti. Baadaye mrija unayeyuka wenyewe mwilini. Njia ya zamani ni kukata kipande cha mshipa mguuni na kukipandikiza mkononi. Mkono unaweza kupona vizuri tu, lakini ubavu wa mguu unabaki na ganzi.

"Kwa hiyo mnatugeuza viwavi wa hariri," dada alisema, na wodi nzima ikacheka.

Dada ana mdomo. Tangu nilipoacha shule darasa la tano, yeye ndiye aliyenisemea kila mahali, kwa wateja, kwa mwenye nyumba, hata kwa mchumba aliyekuja kuniona nikajificha jikoni. Mimi mbele ya watu maneno hunikauka.

Jioni ile akaniambia, "Mrija wa kipimo chetu ulibaki mmoja tu. Daktari ndiye aliyeamua. Ningefanyaje?"

Nikamwamini. Nilikuwa na nani mwingine wa kumwamini?

Tuliporudi kliniki baada ya miezi michache, daktari alinifumbisha macho akawa anagusa vidole vyangu kwa unywele mgumu, mimi niseme nikihisi. Nilihisi kidogo, kama sisimizi anayepita kwa mbali.

"Vizuri sana, Binti Vifungo," akasema.

Nilidhani ni utani wake. Nikatabasamu.

"Siku ile mliniumiza kichwa," akaendelea. "Mrija mmoja, wagonjwa wawili. Afadhali dada yako alinieleza kazi zenu. Yeye kutwa mguu kwenye cherehani, wewe vifungo na pindo. Nikaona basi, mguu wa huyu mdogo hautamnyima kazi." Akamgeukia dada. "Haya, mama wa cherehani, unakanyaga?"

"Nakanyaga, daktari. Mungu mkubwa."

Dada alikuwa ameinamia mkoba wake, anatafuta leso. Leso ilikuwa mkononi mwake.

Kwetu anayekanyaga cherehani ni mimi. Dada anapima wateja, anakata vitambaa, anapiga soga. Ile cherehani nimeikalia tangu miguu yangu ilipofika chini. Nakanyaga bila viatu, kwa sababu mguu ndio unaoniambia kasi, na ubavu wake ndio unaonionyesha chuma cha kukanyagia kinaishia wapi.

Tukashika njia ya nyumbani. Yeye ndiye aliyeanza.

"Usininunie. Ulikuwa umeshachomwa dawa, umelala. Daktari anauliza, mtu ajibu."

Nikatangulia mbele.

"Na hata ungekuwa macho," akasema, "ungesema?"

Nimekatwa na kioo, nimekatwa na kisu. Hilo ndilo lililoingia ndani zaidi.

Vidole vyangu vilirudi polepole, na vya dada pia. Mguu haukurudi. Nilipokaa tena kwenye cherehani, nilishona asubuhi nzima kwa furaha, hadi nilipoinama kuokota mkasi nikakuta sakafu ina damu. Ukingo wa chuma ulikuwa umenichubua ngozi na sikuwa na habari. Nikaanza kuvaa kiatu, nikajifunza upya, mara mshono unapinda, mara unanyooka. Nilikuwa nakaribia kuuweza.

Ndipo dada akasema, "Daktari anakuja kesho na yule mtaalamu anayetengeneza mirija. Wanataka kunipiga picha nikiwa kazini. Nipishe kiti, kesho tu. Wewe kaa na vifungo."

Nikampisha.

Walikuja wakajaa chumba kizima, daktari, mtaalamu na kamera yake. Dada alikaa kwenye kiti changu, amevaa gauni nililomshonea mimi. Akakanyaga. Gurudumu likarudi nyuma, nyuzi zikajiviringa, uzi ukakatika. Akajaribu tena, ukakatika tena.

"Nyuzi za siku hizi," akacheka, "mbovu kama ahadi za wanaume."

Mtaalamu akacheka. Daktari hakucheka. Alitazama gurudumu, akatazama kiatu changu, kimoja tu, cha mguu wa kulia, maana wa kushoto nilikuwa peku.

"Binti Vifungo," akasema, "una neno?"

Dada hakuniangalia. Shingo yake ilikuwa imekakamaa kama ya mtu anayesubiri kofi.

Nikatikisa kichwa. Nikainuka, nikaondoa nyuzi zilizojisokota, nikatunga upya, kisha nikalisukuma gurudumu mbele kwa mkono wangu ili dada afuatishe. Cherehani ikaenda. Picha ikapigwa. Mkono wangu umeonekana pembeni, hadi kwenye kovu.

Dada hajaondoka kwenye kile kiti. Anasema daktari anaweza kupita wakati wowote. Anajifunza, na nyuzi hazikatiki sana siku hizi. Mimi nashona vifungo, na wateja nao wameshaanza kuniita hivyo.

Daktari, neno ninalo. Uzi haukuwa mbovu. Gurudumu lilirudi nyuma kwa sababu dada hajui kukanyaga. Kiti kile ni changu, na mguu ulioupasua ndio uliokuwa ukiiendesha ile cherehani.