Mashemeji Watatu wa Jina Moja

Jumatatu asubuhi, kabla hajavua koti, mtunza faharasa alipita uani kuikagua pampu ya majaribio, akakuta imeota mpini mwingine. Ulikuwa mpini mzuri, mwekundu, rangi yake bado mbichi, umechomoza ubavuni karibu na ule wa halali. Aliushika akauzungusha. Ulizunguka bila taabu na haukufunga chochote.

"Nani kaandika?" alimuuliza mlinzi.

"Usalama," alisema mlinzi. "Ijumaa walitoka wanacheka, wakapeana mikono. Nikajua tu kuna waraka umezaliwa."

Aliingia ofisini, akawasha kompyuta na kuufungua mwongozo mpya wa Idara ya Usalama. Ni kweli. Kile ambacho kiwanda kizima kilikubaliana kukiita vali ya kurudi, wenzao wa Usalama walikuwa wamekiita koki ya nyuma. Alifuta jina geni, akaandika la halali, akahifadhi. Kabla ya saa ya chai ule mpini ulinyauka, ukalegea, ukaanguka kwenye sakafu ya zege. Mlinzi aliufagia na kuutupa ndani ya pipa pamoja na wenzake. Mmoja aliuacha nje, maana ulifaa kuzuia mlango wa kibanda usijibamize kwa upepo.

Kiwanda kiliunda pampu za maji. Idara ya Usanifu iliandika pampu ilivyo, Idara ya Matengenezo iliandika inavyotengenezwa, na Idara ya Usalama iliandika namna ya kukaa nayo bila kufa. Kitu kimoja kikipewa majina mawili katika nyaraka hizo, kilikuwa vitu viwili. Wahandisi waliwahi kulichunguza jambo hilo, wakakubaliana kwamba ni tabia ya chuma, wakaenda kula. Dawa yake ilikuwa faharasa ya pamoja: orodha moja ya majina ya kila kitu na maana zake, ambayo nyaraka zote zilipaswa kuifuata. Aliyeitunza aliitwa Jina Moja, mbele yake na nyuma yake, na hakuona tusi ndani yake. Katika harusi ya mdogo wake alimwita pembeni mshereheshaji aliyesema mara "bwana harusi", mara "kijana wetu", akamsihi achague moja mapema.

Tangu aajiriwe, Jina Moja alikuwa na ombi moja: waraka usichapishwe kabla haujapita mezani kwake. Meneja aliliona kuwa wazo zuri sana. Kila mwaka alilipeleka kwenye kikao, na kila mwaka lilistaafu huko.

Jumanne Meneja alitangaza kuwa wageni wakubwa wanakuja kutazama pampu ya kituo cha maji ikifanyiwa matengenezo, na kwamba mwongozo mpya wa Matengenezo upelekwe mtamboni ukachapishwe, kwa karatasi ya kung'aa.

"Haujapita kwangu," alisema Jina Moja.

"Dada yangu, wageni wako njiani. Watasubiri maneno?"

Ukachapishwa. Ndani yake vali ya kurudi iliitwa kilango cha marejeo, kwa sababu mkuu wa Matengenezo aliona jina hilo lina hadhi zaidi. Usiku huohuo pampu ya kituo cha maji ikaota mpini, nao ulikuwa na hadhi kweli: wa shaba, unang'aa kuliko wa halali.

Fundi aliyetumwa mbele ya wageni alikuwa Spana, mume wa mdogo wake Jina Moja. Spana alikuwa mtu wa kufuata maandishi. Aliufungua mwongozo, akasoma kwamba kabla ya kufungua mfuniko ni lazima afunge kilango cha marejeo, akauona mpini wa shaba, akaufunga hadi mwisho, kisha akafungua mfuniko. Maji yalitoka yote kwa pamoja. Hakuna aliyeumia, lakini mgeni rasmi alipatikana ndani ya ua wa michongoma, bado ameshika hotuba yake, na hotuba ilikuwa haisomeki.

Ripoti ya ajali iliandikwa na idara zote tatu ili isije ikasemwa kuwa kuna aliyependelewa. Matengenezo waliandika habari za asubuhi ile, wakamwita Spana "fundi". Usalama waliandika kuhusu mavazi yake, wakamwita "mtumiaji". Usanifu ndio waliopewa sehemu ya lawama, nao waliandika kwamba "mhudumu wa mtambo alizungusha mpini usiofaa kwa uzembe wake mwenyewe". Meneja aliipiga mhuri Ijumaa mchana.

Jioni simu ya Jina Moja ililia.

"Dada, njoo nyumbani," alisema mdogo wake.

"Kuna nini?"

"Mume wangu amerudi kutoka kazini."

"Si hurudi kila siku?"

"Leo amerudi mara tatu."

Jina Moja aliwakuta wamekaa kwenye kochi kwa mfuatano, sura moja, masikio yaleyale makubwa. Mmoja alikuwa anakula. Wa pili alivaa kofia ngumu na glavu, na alikuwa anasoma maandishi ya pakiti ya chumvi kabla ya kuigusa. Wa tatu alikaa wima, mikono magotini, sahani yake imejaa.

"Huyo mbona hali?"

"Anasubiri maelekezo," alisema mdogo wake. Alikuwa amebakisha wiki chache kujifungua na alitembea ameshika kiuno. "Nimemwambia kula, akala kijiko kimoja. Nimemwambia tena, akala kingine. Dada, mimi nimechoka, na huyu mtoto hajazaliwa bado."

"Wako ni yupi?"

"Anayeongea na chakula mdomoni."

"Shemeji," alisema Spana, na chakula mdomoni, "hawa watu siwataki. Huyu wa glavu ameniuliza kitanda chetu kilikaguliwa lini."

"Hakijakaguliwa," alisema wa glavu kwa masikitiko.

Jina Moja alikuwa ameshatoa kompyuta kwenye mkoba. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi: kuifungua ripoti, kuwafanya wote waitwe fundi kama faharasa inavyotaka, na wageni wawili waondoke kabla ya chai. Vidole vyake vilikuwa tayari juu ya herufi.

"Subiri kwanza," alisema mdogo wake. "Kikao cha nidhamu ni lini?"

"Jumatatu."

"Wakimfukuza, nyumba hii ni ya kiwanda. Nitajifungulia wapi, chini ya pampu?" Alikaa taratibu kwenye mkono wa kochi. "Nisomee. Mwenye kosa wamemwita nani?"

Jina Moja alisoma. Wote wanne walimgeukia yule aliyekaa wima.

"Basi funga hiyo kompyuta," alisema mdogo wake. "Utasahihisha Jumatatu jioni."

"Nimeshaliona kosa. Siwezi kuliacha."

"Jifanye umelala."

"Sijawahi."

"Ndiyo maana huna rafiki kiwandani. Lala, dada yangu. Siku tatu tu."

Jina Moja aliifunga kompyuta. Hakuwahi kuacha kosa aliloliona, hata kwenye kibao cha kinyozi. Jumamosi alifua nguo zilizokuwa safi. Jumapili alipanga vikombe kwa ukubwa, akavipangua, akavipanga tena. Mikono ilimwasha kama mtu aliyeshika upupu. Wakati huohuo, nyumbani kwa mdogo wake, yule wa glavu alikagua kitanda na kukaza skrubu zote, jambo ambalo Spana alikuwa ameahidi kulifanya tangu waoane.

Jumatatu mashemeji watatu waliingia kwenye kikao wakifuatana, na katibu aliongeza viti viwili. Wakuu wa idara walikuwapo, na Meneja alikaa mbele. Jina Moja alikaa pembeni, kwa kuwa kila kikao kilichoandika maamuzi kilihitaji mtu wa kuthibitisha majina.

"Spana ni nani hapa?" aliuliza Meneja.

Wote watatu walinyanyua mikono. Wa glavu alitazama kwanza feni ya juu.

"Tusipoteze muda," alisema Meneja. "Ripoti inasema mwenye kosa ni mhudumu wa mtambo."

"Ni mimi," alisema aliyekaa wima, akasimama.

"Ulizungusha mpini usiofaa?"

"Imeandikwa hivyo."

"Una la kujitetea?"

"Sijapewa maelekezo."

Mkuu wa Usanifu alitikisa kichwa kwa kuridhika, maana si kila siku mtu huona maandishi yake yakijibu vizuri namna hiyo. Mkuu wa Matengenezo alikohoa, akaomba ieleweke kwamba fundi wake hakutajwa popote kwenye sehemu ya lawama. Meneja alipekua, akaona ni kweli. Akaamuru iandikwe kwamba mhudumu wa mtambo amefukuzwa kazi, fundi arudi kazini leo hii na abaki kwenye nyumba yake, na mtumiaji apewe onyo la kusoma maonyo.

"Nimeyasoma," alisema wa glavu.

"Basi yarudie." Meneja alishika kalamu, kisha akageuka. "Jina Moja, majina yako sawa?"

Spana aliacha kutafuna, ingawa hakuwa na kitu mdomoni.

"Kila mmoja ameitwa kama alivyoandikwa," alisema Jina Moja.

Meneja alisaini na mhuri ukapigwa. Jina Moja aliinuka, akaaga kwa adabu, akatembea hadi mezani kwake bila kukimbia, kwa kuwa kukimbia ukumbini kulikatazwa na waraka wa Usalama. Akaifungua ripoti. Akaandika "fundi" mahali pote palipostahili, na mwasho wa mikono ukaisha papo hapo.

Mtumiaji alikuwa ukumbini akisoma maelezo ya mtungi wa kuzimia moto. Glavu zilianguka, kofia ngumu ikafuata, na msafishaji akaviokota. Mhudumu wa mtambo alikuwa ameshafika getini na barua yake ya kufukuzwa.

"Hivi mimi nimefanya nini hasa?" alimuuliza mlinzi.

"Hukufanya kitu, ndugu yangu."

"Hata mimi nilidhani hivyo," alisema, akawa hayupo. Mlinzi alikunja ovaroli lililobaki na kuliweka juu ya kiti. Barua aliitia kwenye pipa la mipini.

Spana alipotokea uani mafundi waligonga spana zao kwenye mabomba, na mlio ukasikika hadi barabarani. Aliingia karakana amebebwa juujuu na kutolewa kwa mlango mwingine, kisha akarudishwa tena kwa kuwa wengine walikuwa hawajambeba. Wiki hiyo mdogo wake Jina Moja alijifungua mtoto wa kike, kwenye nyumba ileile. Mama mtu alimpa jina moja tu, na shangazi za mtoto waliotaka kuongeza la pili walitazamwa na mama mkubwa wake mpaka wakanyamaza.

Ripoti ilibaki ilivyokuwa. Faharasa ilimruhusu Jina Moja kubadilisha majina, lakini sentensi zilikuwa mali ya wakubwa. Kwa hiyo kwenye faili, hadi leo, fundi alizungusha mpini usiofaa kwa uzembe wake mwenyewe, na amri ya kuchapisha bila kukagua haimo.

Mwezi uliofuata jarida la kiwanda liliandaliwa, lenye habari ndefu kuhusu ziara ya wageni na jinsi ilivyofana. Safari hii Meneja mwenyewe alilileta mezani kwa Jina Moja.

"Hili lipite kwako, dada. Lina picha yangu, sitaki makosa."

Alilisoma kwa makini. Ukurasa wa kwanza ulimwita Meneja. Ukurasa wa tatu ulimwita Kiongozi Mkuu. Mkono wake ulikwenda kwenye kompyuta kwa mazoea, ukasita, ukageukia kikombe. Aligundua kuwa mwasho, ukishauzoea, si mbaya sana. Akaandika chini ya jarida: Limesomwa.

Kesho yake asubuhi Mameneja wawili walikuwa wanagombea kiti kimoja. Katibu alileta cha pili. Kila mmoja alitaka kuonekana ndiye mwenye maamuzi, hivyo barua zilizokuwa zimelala tangu zamani zilisainiwa zote kabla ya saa tatu, tena mara mbili. Kufikia saa ya chai kulikuwa na foleni mlangoni.

Jina Moja alipanga foleni kama wengine. Alikuwa na karatasi yake ileile ya kila mwaka: hakuna waraka utakaochapishwa kabla haujapita mezani kwa mtunza faharasa. Aliyekaa kulia alisaini kabla hajamaliza kuisoma. Wa kushoto alimpokonya, akasaini kwa herufi kubwa zaidi. Katibu aliandika kwamba ombi limepita kwa kauli moja. Foleni ikapiga makofi, na Spana, aliyekuja na mwanawe mgongoni kuomba bomba jipya, akapiga mluzi.

"Nina swali dogo," alisema Jina Moja, akiikunja karatasi yake. "Ule mwongozo wa kilango cha marejeo. Nani aliamuru uchapishwe?"

Meneja wa kulia alimnyooshea kidole wa kushoto. Meneja wa kushoto alimnyooshea kidole wa kulia.

Katibu aliandika hivyo hivyo. Jina Moja alishukuru, akarudi mezani, akakuta chai yake bado ya moto. Kompyuta ilikuwa wazi kwenye ukurasa wa tatu. Aliona si vizuri kufanya kazi na kikombe mkononi, akaamua amalize kunywa kwanza.