Primrozi ya Macho Mawili

Hesper Tuckwell, mwenye umri wa miaka kumi na mitano na makosa yasiyohesabika, alikuwa ametambaa matopeni misimu miwili ili kuchora maua ya mwituni. Kila ua alilichora kwa ukubwa wake halisi, na mizizi yake, hata tundu kwenye jani hakulificha. Michoro ishirini na minne. Basi wiki moja kabla ya maonyesho ya shule yao ya bweni, aliikuta ukumbini imetiwa kwenye fremu za mwaloni, na chini ya kila mmoja kibandiko kwa mwandiko wa madaha wa mwalimu wa sanaa: Ambrose Pell.

“Mwalimu, hii ni michoro yangu.”

“Ni michoro ya karakana, binti,” alisema Mwalimu Pell, akipapasa tai yake ya hariri. “Jicho lilikuwa langu. Wewe ulikuwa brashi tu.”

“Brashi haipati mafua, Mwalimu.”

Alifukuzwa ukumbini. Alikwenda kwa mkuu wa shule, Bi. Crake, akaambiwa kuwa jina la msichana wa heshima halining'inizwi ukutani kama kofia.

Na huo ulikuwa ukumbi gani? Kiti kilikuwa na jina la seremala. Zulia lilikuwa na jina la mfumaji. Hata bawaba ya mlango ilitaja mhunzi wake! Ndiyo iliyokuwa dini ya Mwalimu Pell na wenzake tangu walipoukimbia moshi wa London na kuja kuishi kijijini Gloucestershire: kila kazi itaje mkono ulioifanya. Bawaba ina baba, Hesper hana jina.

“Mtilie Mwalimu wino kwenye chai,” alishauri Thirza, jirani yake wa kitanda.

“Chai imekosa nini?”

Hesper akachora mchoro wa ishirini na tano: shina la primrozi, lile ua la manjano mpauko la mwezi wa Machi. Watoto wa kijiji wote wanajua kuwa primrozi zina macho ya aina mbili. Nyingine katikati zina kitu kama kichwa cha pini, nyingine zina kishada cha nyuzi. Lakini shina moja huwa na jicho la aina moja tu, tangu Mungu aumbe Machi. Hesper, kwa uchaji mkubwa, akayachora yote mawili kwenye shina moja.

“Mwalimu, ulibaki huu.”

Mwalimu Pell aliupokea bila asante. Kibandiko kikasema: Ambrose Pell, kutoka shina alilolichimba mwenyewe.

Siku ya maonyesho akaja Mchungaji Yelland, mlinzi wa roho mia tatu na mimea elfu moja, na lenzi yake mfukoni. Mbele ya primrozi alisimama muda mrefu kuliko mahubiri yake.

“Pell, ndugu yangu! Ulilichimba wapi shina hili?”

“Kando ya kijito, Mchungaji. Kwa mikono hii.”

“Nipeleke sasa hivi. Maana shina la namna hii halipo duniani.”

Mwalimu Pell alibadilika rangi. “Ah, huo... huo alichora mwanafunzi. Yule pale.”

“Na huo wa ua la urujuani, Mwalimu?” Hesper aliuliza. “Jani lake lilitobolewa na nini?”

“Na... konokono.”

“Kiwavi mweusi mwenye miiba. Nilimngoja ashibe ndipo nikachora.”

Mchungaji akainama na lenzi yake. “Meno ya kiwavi, kweli kabisa. Konokono hali hivi.”

“Hesper!” alifoka Bi. Crake. “Mwombe mwalimu radhi!”

“Nitaiomba radhi primrozi, Bi. Mkuu, maana nimeisingizia. Mwalimu simwombi.”

Kwa jibu hilo alinyimwa pudini muhula mzima, na akaona ni bei ya haki. Mchungaji alibandua vibandiko, akaviweka mbele ya Mwalimu Pell pamoja na kalamu na wino, aandike upya upande wa nyuma. Wageni walikunywa chai huku mwandiko wa madaha ukiandika Hesper Tuckwell, Hesper Tuckwell, mara ishirini na nne, mwandishi akitoka jasho.

Alipofika kwenye kibandiko cha primrozi aliinua kalamu. “Na huu?”

“Huo uache ulivyo, Mwalimu,” alisema Hesper. “Si ulichimba mwenyewe?”