Mkono wa Sadala

Mimi sikuwahi kuolewa uke wenza, lakini nzi walinionjesha. Sisemi hawa wa chooni. Nasema nzi wa mume wangu Sadala, aliokuwa akiwafunga mwenyewe kwa manyoya ya kuku na uzi wa cherehani juu ya ndoana ndogo, avulie perege kwenye lambo letu hapa upande wa Handeni. Akishaswali asubuhi anakaa kibarazani na miwani yake iliyofungwa kwa waya, anafunga nzi. Chai inapoa. Namwita, haitiki. Nikimfuata nimgombeze, ananyoosha mkono bila hata kuniangalia: "Mama Ikram, hebu nishikie hapa kwa kidole." Na mimi mjinga nashika.

Jogoo wangu mwekundu alikaa mwaka mzima hana mkia. Majirani wakiniuliza, nawaambia anaumwa.

Kazi hiyo Sadala alijifunza ujanani, alipokuwa mpishi wa mzungu mmoja kule Lutindi, kabla hatujaoana. Mzungu akaenda zake, ujuzi ukabaki kwa mpishi. Hapa kijijini kila mtu anavua kwa mnyoo, anatumbukiza na kusubiri. Yeye hapana. Nzi wake anatua juu ya maji, perege anadhani ni mdudu kweli, anamrukia. Sasa nzi wa manyoya hana uzito, huwezi kumtupa kama jiwe. Unaurusha mshipi wenyewe, ule mnene: nyuma mpaka unyooke angani, halafu mbele, nyuma tena, mbele tena, ndipo unautuliza majini. Wamasai walioleta ng'ombe kunywa walikuwa wanasimama na fimbo zao wanamcheka. "Mzee Sadala, hayo maji yamekukosea nini unayachapa hivyo?" Naye anawajibu, "Hayataki kurudi zizini." Alikuwa na maneno yule mtu.

Nilikuwa nafuatana naye. Sivui, nakaa zangu kwenye tuta la lambo nachambua mchicha, lakini macho yangu yako kwenye mkono wake. Bega la kulia liliumia zamani kwenye mashamba ya mkonge, Korogwe, kwa hiyo kabla ya kurusha alikuwa analipandisha kidogo, kama mtu anayeweka sawa mzigo. Halafu mkono unatoka polepole, laini, huwezi kuamini ni wa mzee huyu huyu anayeshindwa kufunga kifungo cha shati. Nilikuwa naupenda ule mkono. Nasema wazi, umri wangu huu nimwonee nani aibu?

Sadala akafa. Homa, hospitali, kaburi. Hayo sitaki kuyaeleza.

Siku ya kuanua tanga nilikuwa ndani, nimekaa mkekani na nguo zangu nyeupe za eda, wanawake wamenizunguka. Kilichokuwa kinanitesa si kilio, maana nilishalia mpaka sauti imekauka. Nilifumba macho niutafute ule mkono, nikaukosa. Namwona Sadala wa kitanda cha hospitali. Namwona Sadala wa kwenye kitambulisho, amekodoa macho kama mwizi aliyekamatwa. Sadala wa lambo simwoni. Kwenye simu ya mwanangu Ikram picha zake zote amesimama wima, mikono ubavuni, za harusi na za Idi. Na kwenda lambo siwezi, eda ni eda, na hata ningekwenda ningeona nini zaidi ya maji? Nikashikwa na hofu. Nikajiambia, Hamisa, udongo wa kaburi haujakauka na wewe umeshampoteza mara ya pili.

Ndipo nikasikia watu wanacheka uani.

Alikuwa Kasmiri. Kasmiri ni Mnyamwezi, baba yake alikuja Korogwe kukata mkonge na yeye akazaliwa huko huko kambini, akafanya kazi na Sadala, wakawa hawaachani. Na Wanyamwezi ni watani zetu sisi Wazigua. Kwenye msiba mtani ndiye mwenye uwanja. Atavaa nguo za marehemu, ataiga mwendo wake, atausema ubahili wake mbele ya shehe, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Haachi mpaka wafiwa wampe chochote. Akishapewa anavua zile nguo, anakaa na watu anakula, na utani umekwisha.

Nikasogeza pazia. Kasmiri amevaa koti la Sadala na kofia yake ya pama, na ule mwanzi wa kuvulia ameshauchomoa chini ya paa. Alianza na vituko. Akamnyemelea kuku kwa vidole vya miguu. Akachuchumaa, akafinya macho, akalia kwa sauti nyembamba, "Mama Ikram, hebu nishikie hapa kwa kidole!" Watu hawana mbavu. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Halafu akasimama katikati ya uwanja, akatugeuzia mgongo, akapandisha bega.

Jamani! Lile bega lenyewe, vile vile. Mshipi ukaenda nyuma juu ya vichwa vya watu, ukanyooka, ukarudi mbele polepole. Nikashika nondo za dirisha kwa mikono miwili. Sikumwona Kasmiri mimi. Nilimwona mume wangu na koti lake lililotoboka kiwiko, anavua kwenye vumbi la uwanja wangu.

Sasa shemeji yangu Ramadhan, mdogo wake Sadala, ni mtu wa adabu na haraka. Akaona utani umetosha, pilau inapoa, shehe anataka kusoma dua. Akatokea na jogoo amemning'iniza miguu. "Haya, mtani, chukua chako, utuachie marehemu wetu." Kasmiri akashusha mwanzi, akanyoosha mkono.

"Usimpe!"

Sauti ilinitoka tu. Uwanja mzima ukageuka. Mjane yuko eda, anapiga kelele dirishani mbele ya wanaume! Ikram akanivuta nguo. "Mama, watu wanakusikia."

"Wasikie. Ramadhan, mrudishe huyo jogoo bandani."

"Shemeji," Ramadhan akasema kwa upole, kama anayesema na mgonjwa, "mtani asipopewa kitu haachi."

"Najua haachi. Mimi Mzigua, utanifundisha wewe? Ndiyo maana nakwambia usimpe."

Kasmiri akageuka kunitazama, na uso ulikuwa wa Kasmiri, ndevu za Kasmiri, yale meno yake. Nikahisi Sadala ananiponyoka tena.

"We Mnyamwezi," nikamwambia, "nani amekuomba uso wako huo mbaya? Nipe mgongo. Rusha."

Watu wakacheka, wakidhani namrudishia utani wake, na utani ni haki yangu pia. Kasmiri hakucheka. Alinitazama kidogo, kisha akaishusha kofia mpaka masikioni, akanipa mgongo, akapandisha bega, akarusha.

Akarusha tena. Akarusha tena. Mwanzoni watu walikuwa wanashangilia, baadaye wakaacha, ukasikika mshipi tu unavyopita hewani. Shehe alifunga kitabu chake akatulia. Ramadhan amesimama na jogoo wake hajui amweke wapi. Mimi nilikuwa nakunywa kwa macho: bega, kiwiko, kifundo cha mkono, vidole vinavyoachia mshipi mwishoni. Nilikuwa namtaka yule mwanamume pale uwanjani mpaka kifua kinauma.

Lakini Kasmiri naye ni mzee. Jasho likalowanisha koti mgongoni, na hakuthubutu kuacha kwa sababu sikumwambia aache. Nilijua namwonea. Nilijua pia kwamba akiacha, basi. Nikamtazama mara moja nyingine, na nyingine, halafu nikasema lile nililokuwa namwambia Sadala kila jioni pale kwenye tuta, jua likizama na yeye hataki kutoka majini.

"Baba Ikram, inatosha sasa. Twende nyumbani."

Mshipi ukaanguka vumbini. Kasmiri hakugeuka. Akajibu kwa sauti ya Sadala, ile ya mtu ambaye akili yake iko kwa samaki.

"Tangulia, Mama Ikram. Nakuja."

Uwanja mzima ukaangua kicheko, maana ndivyo Sadala alivyokuwa anajibu, na kijiji kizima kilijua kwamba hakuwa anakuja mpaka giza liingie. Mimi niliacha dirisha. Nikarudi mkekani, nikawaambia wanawake wasogee kidogo, nikamwachia nafasi.